Samaki, Mwambie Babu Asifukie

Nianze na hili: mmea wangu si wa plastiki. Nimeshamwambia mume wangu, nimewaambia mawifi, nimemwambia jirani anayekuja kuazima pasi, na mchungaji aliyekuja kumwombea mtoto akaishia kugonga kioo cha tangi kwa ufunguo wa pikipiki. Si wa plastiki. Unakua. Ila unakua kwa wakati wake na hauna haja ya kumwonyesha mtu.

Tangi la samaki nililipata gesti, nilikokuwa nakaa mapokezi kabla sijajifungua mtoto wa pili. Ni hapa hapa Tunduma, jirani na barabara ya malori. Mwenye gesti alipoamua kugeuza mapokezi kuwa duka la vipuri, alisema anayelitaka lile tangi alibebe, yeye kachoka kuwalisha samaki ambao wageni hawawaangalii. Nikalipakia kwenye guta, mimi na tumbo langu kubwa nikitembea pembeni nimelishika, kama nasindikiza bibi harusi.

Anayeijua Tunduma anajua habari ya maji. Bomba linakohoa hewa, tunanunua kwa madumu, na mwanamke akimwaga maji aliyooshea mchele anasemwa mtaa mzima. Sasa mimi nina tangi zima sebuleni kwa ajili ya samaki wasioliwa. Jirani wa pasi aliinama, akawatazama, akaniuliza, "Hawa hata mboga hawafai?"

"Hawafai."

"Basi una roho, mama."

Mmea ulikuja kwa njia yake. Mgeni mmoja wa pale gesti, mfanyabiashara wa Kitwe, lori lake lilikwama foleni ya mpakani, akawa anashinda mapokezi akiangalia samaki kuliko televisheni. Kumbe kwake anafuga. Alikuwa amebeba mimea ya majini kwenye kopo la aiskrimu, imeviringishwa gazeti lililolowa, na joto lilikuwa linaanza kuiharibu. Akanikatia kipande. Jina la mmea huo ni refu kama jina la dawa ya minyoo, nimeshindwa kulishika mpaka leo. Kina shina nene fupi linalotambaa, ukilitazama utasema ni kidole cha tangawizi, kidogo kama cha mtoto mchanga, na juu yake vijani vigumu vinavyong'aa. Mwanga ukipiga pembeni, vile vijani vinageuka: kijani, kisha zambarau, kisha buluu kama mgongo wa nzi. Akakifunga kwenye jiwe kwa uzi, akanionya mambo mawili. La kwanza, hilo shina lisifukiwe. Huko kinakotoka kinaishi juu ya mawe ya mtoni, ukikifukia kinaoza. La pili akalisema kwa Kibemba, na mimi Kibemba changu ni cha kuuziana vitenge tu, lakini hili nililielewa: "Bamayo, panono panono." Mama, taratibu, kidogo kidogo.

Nikauita Panono. Unatoa jani moja, kisha unapumzika kama umejenga nyumba.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa naujali kiasi hicho, maana najua mtu atasema huyu mama ana wazimu, ana watoto wawili na analilia jani. Ndiyo, nina watoto wawili. Nina mchanga wa mgongoni na binti wa miaka mitatu na nusu anayesema uongo kama wakili. Kila kitu ninachofanya mchana kinafutwa kabla ya jioni. Napika, kinaliwa. Nafua, zinachafuka. Nafagia, na upepo wa Tunduma unarudisha vumbi lote la malori mlangoni, na lingine la ziada. Mume wangu anarudi kutoka mpakani, anakofanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo, anaangalia nyumba ilivyo, anauliza, "Leo mlishindaje?" Ile mlishindaje yake naijua. Maana yake ni kwamba haoni kitu kilichofanyika. Lakini Panono akitoa jani, jani limetoka. Halirudi ndani. Hakuna anayelila, hakuna anayelikojolea. Ni kazi yangu na ipo pale mtu anaweza kuihesabu.

Basi baba mkwe akaja.

Alitoka Mbebe, kule milimani Ileje, amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alisema baada ya upasuaji akae mahali pasipo vumbi, asiiname, asinyanyue kitu kizito, arudi kuangaliwa. Mahali pasipo vumbi Tunduma ni sebuleni kwangu, madirisha yamefungwa. Mume wangu akamwekea kiti cha mikono mbele ya tangi. "Atapumzika na samaki," akasema, akaenda kazini.

Yeye akaenda kazini. Mimi nikabaki na mwiko.

Kwao mume wangu, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, hawakai chumba kimoja, na mwanamke hamsemeshi. Wengi wao siku hizi wameacha, wanacheka tu, wanapiga picha pamoja kwenye harusi. Baba mkwe wangu hajaacha. Mimi kwetu ni Igamba na mambo hayo bibi yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyafuata, lakini nilipoolewa nilikubali, kwa sababu Mbebe ni mbali na ni rahisi kumheshimu mtu aliye mbali. Miaka yote ya ndoa nilikuwa namjua kwa kofia na mgongo.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, na sebule iko katikati. Ukitoka chumbani kwenda jikoni unapita sebuleni. Mimi nikawa natoka kwa mlango wa nyuma wa chumbani, nazunguka nyumba nzima na mtoto mgongoni, naingia jikoni kwa mlango wa uani, kwenda kuchukua chumvi. Majirani walidhani nimeanza mazoezi. Chakula chake alikibeba binti yangu, kwa safari nyingi ndogo, na kila safari kitu kilipungua.

Tukajipangia mambo kwa kikohozi, bila kukubaliana. Akitaka kwenda choo cha uani, anakohoa mara mbili, mimi najibanza chumbani. Akirudi, anakohoa tena tangu mlango wa choo. Katikati ya vile vikohozi ndiyo ulikuwa muda wangu wa tangi. Naingia mbio, nawalisha samaki, nafuta kioo, natazama Panono kama kuna ncha mpya, natoka. Nimekuwa mwizi wa vitu vyangu mwenyewe.

Mwanzoni hakukuwa na tatizo. Jicho moja lilifungwa na la pili lilikuwa na ukungu, kwa hiyo alichokuwa anaona ni mwanga tu na vitu vinavyopita. Nilimsikia akimuuliza mwanawe, "Hilo jani la plastiki mlinunua wapi?" Nikauma upande wa khanga.

Kisha bandeji ikatolewa na mzee akaona.

Aliona vizuri. Mume wangu alisimulia kwamba njiani kurudi kutoka hospitali alikuwa anasoma mabango yote kwa sauti, mpaka ya kunyonya vyoo. Alipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake, akatazama tangi. Mtu huyu amelima kahawa na migomba tangu alipoota ndevu. Amerudishiwa macho, na kitu cha kwanza kinachomkabili ni mmea ambao mizizi yake iko nje, inaning'inia, imefungwa uzi kwenye jiwe kama mbuzi. Nadhani iliumiza moyo wake. Sisemi hivyo kumtetea.

Siku ya pili yake alikohoa mara mbili, akaenda zake uani, nikaingia. Maji ya tangi yalikuwa kama chai ya maziwa. Jiwe liko pembeni, uzi umekatwa, na Panono amefukiwa kwenye changarawe mpaka shingoni, na juu ya changarawe udongo mweusi alioutoa kwenye kopo langu la maua, umeshindiliwa vizuri kwa vidole. Samaki walikuwa wamejikusanya kona moja kama abiria waliosikia basi limeharibika.

Nikamfukua. Maji niliyarusha kwa hasira mpaka nikamlowesha mtoto mgongoni. Nikaosha shina, nikalifunga tena kwenye jiwe kwa uzi wangu wa mwisho, kikohozi kikaja, nikatoka.

Kesho yake amefukiwa tena.

Nikamfukua, nikamkandamiza kati ya jiwe na kioo. Akafukiwa. Jioni nikamwambia mume wangu aongee na baba yake.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aache mmea wangu."

"Sasa mzee kakaa ndani wiki nzima, kapata kitu cha kushika, nimnyang'anye?" Akanitazama kwa zile huruma zake. "Mama watoto, ni jani."

Nilimpa ugali bila mboga, akaelewa kwamba nimejibu.

Basi ikabidi nipitie kwa binti yangu, maana kwao mtoto anaruhusiwa kupeleka maneno. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, nikamwambia, "Nenda kamwambie babu, mmea wa mama haufukiwi, unaoza."

Akaenda. Nikasikia: "Babu, mama anasema umeoza."

Kisha sauti ya mzee, pole pole: "Mwambie mama yako, nani kamfundisha kuacha mizizi nje?"

Binti akarudi, mikono nyuma. "Babu anasema nipewe biskuti."

Hapo ndipo nilipomtoa kazini. Nikaongea kwa sauti, bado niko nyuma ya pazia, uso nimeugeuzia kabati: "Samaki. Mwambieni babu kwamba huo mmea asili yake ni juu ya mawe. Shina lake likifukiwa linaoza. Aliyenipa alinionya."

Sikujua kama nimevunja mwiko au sijavunja. Nilikuwa nasema na samaki. Nilisubiri. Kiti kikalia.

"Samaki," mzee akasema, na nilisikia amegeukia tangi kweli, "mwambieni huyo anayesema na ninyi, mimi nimepanda tangawizi, nimepanda migomba, nimepanda magimbi. Sijaona shina la namna hiyo linalolala nje kama mlevi."

"Samaki, mwambieni hii si tangawizi."

"Samaki, muulizeni, yeye kapanda nini?"

Nilitaka kutoka pale na pazia lenyewe mwilini. "Samaki, mwambieni nimepanda huo huo. Na kabla hajaja ulikuwa mzima."

"Samaki, mwambieni nasikia ulikuwa unatoa jani moja kwa mwezi. Huko ni kuwa mzima?"

Jioni ile mume wangu aliporudi, alitukuta tunaendelea, mimi chumbani na mzee sebuleni, samaki katikati. Alisimama mlangoni na mkoba wake, hajui amsalimie nani kwanza. Akawasalimia samaki.

Ningecheka kama isingekuwa majani. Yalianza kuyeyuka. Kwanza la chini likawa kama karatasi iliyolowa mafuta, kisha la pili, kisha asubuhi moja kwenye upenyo wa pazia niliona matatu yanaelea. Mzee naye aliyaona, nikamsikia akiguna. Lakini mkulima akiona mmea unanyauka huongeza alichokuwa anafanya. Akaushindilia zaidi. Na tangu siku hiyo akasogeza kiti mpaka magoti yanagusa tangi, na akaacha kwenda uani ovyo, maana alishajua nikipata nafasi nafukua. Mtu mzima, ametoka hospitali, anabana haja kwa ajili ya kulinda changarawe.

Nilijua kinachoendelea chini. Shina likianza kulainika linaendelea kulainika, kama ndizi, na huwezi kulirudisha. Dawa ni kulitoa sasa hivi, kukata palipooza mpaka ufike pagumu. Nikampigia mume wangu.

"Subiri nikitoka kazini," akasema. "Nina malori matano hayajapita."

Nikakata simu. Nimevumilia kuzunguka nyumba kwa ajili ya chumvi. Nimevumilia mmea wangu kuitwa mlevi kupitia kwa samaki. Lakini kile kidole cha tangawizi ndicho kitu pekee nilichofanya mwaka ule ambacho hakijaliwa, na kilikuwa kinaoza hatua chache kutoka niliposimama, kwa sababu watu wawili wazima hawaruhusiwi kutazamana.

Nilimlaza mchanga. Nikachukua wembe mpya. Nikajifunika khanga kichwa mpaka kifuani, nikashika mkono wa binti yangu, na nyuma ya pazia nikasema, "Samaki, mwambieni babu nakuja. Nimejifunika. Ageuke."

Nilisikia kiti kikiburutwa kwa haraka ambayo daktari asingeipenda.

"Samaki," akasema, sauti ikitoka upande wa ukuta, "mwambieni nimegeuka. Na nimefumba. Ila mwambieni hili halijawahi kutokea."

Nikaingia kinyumenyume, kwa sababu nilifikiri ndiyo adabu zaidi, na nikakanyaga kikombe chake cha chai. Nikafika kwenye tangi, nikazamisha mkono mpaka begani. Khanga ya kitambaa kizito, sioni hata mwanga.

"Mmea uko wapi?" nikamuuliza binti.

"Hapo," akasema.

Nikashika mpira wa pampu ya hewa, ukachomoka, ukaanza kunipulizia maji usoni ndani ya khanga.

"Siyo hapo. Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo ni samaki, mama."

Ni kweli, alikuwa samaki. Kutoka ukutani kikatoka kitu kama kikohozi, lakini vikohozi vya yule mzee nilishavisoma vyote na hicho hakikuwemo. Alikuwa anacheka.

"Samaki," akasema alipoweza, "mwambieni kona ya kulia. Karibu na kioo. Nimepapanda mwenyewe, napajua."

Kona ya kulia. Nikaingiza vidole kwenye changarawe, nikapata kitu laini, nikakivuta taratibu, kikakatikia mkononi. Harufu ikapanda. Mtu aliyewahi kusahau viazi kwenye mfuko wa nailoni anaijua harufu hiyo. Nilijua mzee naye imemfikia, kwa sababu kicheko kilikatika.

Nikachutama sakafuni kwenye maji, nikaifungua khanga upande wa chini kidogo nione mikono yangu, nikaanza kukata. Nakata, bado laini. Nakata, bado. Sikulia. Watu wakisimulia hii habari wanapenda kuniliza, mimi sikulia, nilikuwa nasema maneno ambayo samaki hawakupaswa kuyapeleka.

"Samaki," mzee akasema baada ya muda, "muulizeni. Umekufa?"

Wembe ukagusa pagumu. Pazima, pa kijani, na jani moja dogo limekaa juu yake kama sikio. Ukubwa wake wote haukufika kucha ya kidole gumba.

"Samaki, mwambieni kimebaki kipande."

Akashusha pumzi. "Samaki, mwambieni nilitaka upone. Nilipoona vizuri, niliona mizizi iko nje. Nikasema, mtoto wa watu ana kazi nyingi, hakupata muda wa kufukia."

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kukasirika vizuri, na hilo nalo likaniudhi. Kumbe ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja anayejua kwamba nina kazi nyingi, na ni yule asiyeruhusiwa kuniona nikizifanya.

Nikatafuta uzi wa kufungia. Hakuna, wangu aliukata wote. Nikasema, bila kumtaja samaki, nilisahau kabisa, "Uzi sina."

Nikasikia kitu kinafumuka. Binti yangu akaja, ananiletea uzi wa sufu mwekundu mrefu, bado una joto. Mzee alikuwa ameuvuta kwenye pindo la sweta lake, lile analovaa kila siku, alilofumiwa na mama mkwe. Nikakifunga kile kipande kwenye jiwe, mizunguko mitatu, fundo, nikakirudisha majini. Nikatoka kinyumenyume. Safari hii kikombe nilikikwepa.

Mume wangu aliporudi aliuliza mlishindaje. Baba yake akamjibu kabla yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani: "Hapa watu wamefanya kazi."

Mzee alirudi Mbebe jicho likiwa zima na sweta likiwa fupi. Nilivyosikia, ule uzi haukuishia pale alipoukata. Uliendelea kufumuka njia nzima ya basi, na mama mkwe alipomuuliza nini kimekula sweta, alisema samaki.

Panono alikaa kwenye jiwe lake hafanyi lolote. Watu wakaanza tena: wa plastiki. Jani lile moja likawepo tu, juu ya uzi mwekundu, mvua zikaanza, umeme ukakatika na kurudi, mchanga akaanza kutambaa na kugonga kioo. Nilikuwa natazama kila asubuhi, na sasa napita sebuleni kwangu nitakavyo, nachukua chumvi kama mtu aliye huru.

Kisha asubuhi moja, pembeni ya shina, kikatokea kincha chekundu kilichojikunja. Nilingoja kifunguke kabla ya kusema, nisijiaibishe. Kikafunguka. Kilikuwa cha zambarau, kina mng'ao wa buluu ukikitazama kwa chini.

Nilimwita mume wangu. Akainama, akasema, "Lile si lilikuwepo?"

Nikamwomba simu yake. Nikatafuta namba ya Mbebe, nikapiga. Ikaita sana. Mzee akapokea, akasema halo kwa nguvu, kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Kuhusu simu mwiko hausemi chochote, hakuna aliyewahi kunifundisha. Nilisikia kuku wao nyuma.

"Samaki wanasema jani limetoka," nikasema.

Nikasikia kiti chake kikilia.

"La rangi gani?"

"Zambarau."

"Kubwa?"

"Kama punje ya mchele."

"Ah," akasema. Nikamsikia akimwambia mtu pembeni, bila shaka mama mkwe, kwamba limetoka, ni zambarau. Kisha akarudi kwenye simu. "Waambie samaki wasilifukie," akasema, akakata.